Wali Maharage Bila Meza

Waliokaa Dodoma kabla ya Serikali kuhamia wana lalamiko moja lisilokosa kwenye mazungumzo yao: hoteli zimekwisha. Hawazungumzii hoteli za kulala, maana hizo zinaota kila mtaa. Wanazungumzia zile za chai na wali, zenye kabati la vioo lililojaa maandazi na sambusa, sinki la kunawia pembeni na sabuni iliyofungwa kamba isichukuliwe, na bei zilizoandikwa ukutani kwa rangi, zikafutwa na kuandikwa tena mpaka tarakimu zikavimba. Mtu aliingia na fedha kidogo, akavuta kiti kwenye meza ya watu asiowajua, akaagiza wali maharage, au chapati mbili na mchuzi, akashushia na chai ya maziwa. Akimaliza aliendelea kukaa, na hakuna aliyemjia na kitambaa cha kufutia meza kwa hasira.

Lalamiko lina ukweli, ila limemkamata mtuhumiwa asiye sahihi. Chakula cha bei nafuu hakijaisha Dodoma. Zunguka Majengo, Sabasaba au Chang'ombe saa saba mchana: wali maharage upo kwa shilingi 2,000, na chini ya hapo ukijua pa kwenda. Kilichoondoka ni ukumbi, yaani paa, meza, kiti na ruhusa ya kukikalia. Nao ulianza kuondoka miaka mingi kabla ya wizara ya kwanza kufungasha makabrasha yake kutoka Dar es Salaam.

Mji wenyewe ni wa reli. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika hapa 1910 na Kigoma 1914. Barabara kuu inayotoka Iringa kwenda Kondoa hadi Arusha nayo ikaikata reli hapo hapo. Kwa hiyo Dodoma iliishi kwa watu wanaosubiri: abiria aliyeshuka kwenye treni alfajiri akingoja basi la Kondoa, mkulima wa Bahi aliyeleta mpunga akingoja malipo, mwalimu wa Mpwapwa aliyeitwa mkoani akingoja sahihi ya bwana mkubwa ambaye yuko kikaoni. Wakubwa walikuwa na hoteli ya reli karibu na stesheni, ile iliyokuja kuitwa New Dodoma Hotel. Waliobaki walikula kwa Mwarabu, kwa Mhindi, au kwa Mswahili aliyepanda kutoka pwani na ujuzi wake wa pilau. Hoteli hizo ziliuza wali, lakini bidhaa yao kubwa ilikuwa mahali pa kusubiri. Wali ulikuwa tiketi tu.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo ndipo kumbukumbu zinapodanganya zaidi. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wa Kiasia, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Katika miji ya bara hii ilikuwa na maana ya kawaida sana: mwenye nyumba akawa Serikali, na Serikali haikuwa na haraka ya kupandisha kodi ya pango. Aliyepata ukumbi kwa kodi ya Msajili aliweza kumvumilia mteja wa kikombe kimoja cha chai anayesoma gazeti la *Uhuru* saa nzima. Mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na kadiri uchumi ulivyofunguliwa kodi zikaanza kulifuata soko. Mteja wa kikombe kimoja akawa hasara inayohesabika.

Unga nao ulikuwa na mfadhili wake. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, liliuza sembe kwa bei ya ruzuku mpaka ruzuku hiyo ilipofutwa mwaka 1984. Shirika hilo hilo lilitakiwa kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima, awe mkulima yuko kando ya lami au nyuma ya milima ambako lori hufika kiangazi tu, na madeni yake yalikua kila msimu. Sahani ya ugali ya hotelini, kwa lugha ya mhasibu, ililipiwa sehemu na mlaji na sehemu na shirika lililokuwa likielekea kufilisika. Hatukuwa na chakula rahisi. Tulikuwa na chakula ambacho bili yake ilipelekwa kwingine.

Na hata huko nyuma kumbukumbu huchagua miaka. Anayesema zamani Dodoma watu walikula vizuri, muulize mwaka gani. Ukame wa 1974 na 1975 ulileta mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani, na unga wake watu wakaubatiza jina la klabu ya Yanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, hoteli nyingi zilikuwa na kabati la vioo lisilo na kitu ndani. Hakukuwa na ngano ya chapati, sukari ilipatikana kwa kibali au kwa kujuana, na chai ya rangi ilinywewa na chumvi ya mazungumzo. Hamu tuliyonayo leo imeunganisha miaka michache ya neema kutoka sehemu mbalimbali ikaifanya enzi moja ndefu.

Tena ni hamu ya nani? Kwa karani, dereva, mwanafunzi na mfanyakazi wa reli, wali wa hotelini ulikuwa chakula cha kila siku. Kwa Mgogo wa kijijini, Chamwino au Kongwa, wali ulikuwa chakula cha sikukuu, na hoteli ilikuwa mahali pa kuingilia mara moja moja ukiwa na fedha ya ng'ombe uliyemuuza mnadani. Chakula chake, ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, hakikuwahi kuandikwa kwenye ukuta ule wa bei. Hoteli za Dodoma zilipika chakula cha pwani na cha Kihindi katikati ya Ugogo, na sidhani kama kuna aliyeona ajabu. Leo mlenda umepanda cheo. Unaukuta kwenye bufee za hoteli za nyota, ndani ya chungu kidogo chenye kibao cha "chakula cha asili", na anayejipakulia ni mgeni wa semina aliyelipiwa posho. Aliyekula mlenda huo kwa sababu mvua ilikataa angeshangaa kuuona umepangwa jirani na samaki wa kukaanga.

Kuna gharama nyingine ambayo wazee wa hoteli hawapendi kuitaja: vijana waliolala jikoni. Wengi walitoka vijijini wakiwa wadogo, wakaosha sahani na kukata vitunguu kwa kula, kulala na fedha isiyofika popote. Bei nafuu ilikuwa imekaa pia juu ya migongo yao. Kwa hilo tu, sioni sababu ya kutaka kila kitu kirudi kilivyokuwa.

Mshahara wa mtumishi ulipoporomoka katika miaka ya 1980, wake za watumishi waliingia barabarani na sufuria. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam mwishoni mwa muongo huo, alionyesha jinsi familia za mjini zilivyoacha kutegemea mshahara na kuishi kwa miradi midogo, mingi ikiwa ya wanawake: maandazi, vitumbua, pombe, chakula cha mchana. Serikali ilikuwa imejaribu kinyume chake. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwahesabu wachuuzi kama watu wasio na kazi, na waliokamatwa wakarudishwa vijijini. Haikufua dafu. Mama ntilie akabaki, baadaye akapewa jina la heshima zaidi, mama lishe, na ndiye aliyeirithi sahani ya wali maharage. Aliirithi bila ukumbi. Alikuwa na benchi, mwavuli au turubai, ndoo ya maji ya kunawa na mteja anayekula haraka kwa sababu nyuma yake kuna mwingine amesimama.

Ukimtazama anavyopakua utaona uchumi mzima wa nchi. Sahani ya 2,000 haipandi bei kirahisi, maana mteja ameizoea na jirani yuko hatua kumi. Kinachobadilika ni kilichomo. Mchele ulipopanda mwaka 2022 na 2023, kilo moja ikapita shilingi 3,000 katika masoko mengi, kijiko cha kupakulia kilianza kuingia kwenye sufuria kwa ubavu badala ya kwa tumbo. Vipande vya nyama vilikuwa viwili, kikabaki kimoja chenye mfupa. Mchicha ukaongezwa, kwani fungu lake ni rahisi na hujaza sahani kwa macho. Kipande cha tikiti au nusu ya ndizi kikawekwa pembeni kumtuliza mlaji. Mchuzi wa maharage ukawa mwingi kuliko maharage. Hivyo ndivyo mfumuko wa bei unavyoonekana kwa mtu ambaye hasomi taarifa za Benki Kuu.

Maharage yenyewe yana tatizo la moto. Yasipolowekwa usiku kucha, hukaa jikoni saa mbili au tatu, na nyanda za kati ni kame, miti ni michache, mkaa husafiri na kila mwaka husafiri mbali zaidi. Mtu hununua maharage dukani kwa bei anayoimudu, kisha hulipa mara ya pili kwenye gunia la mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema kwa mapafu ya mama lishe na kwa misitu iliyobaki. Lakini muulize anayechemsha maharage ya watu 60 mtungi wake wa gesi unakaa siku ngapi.

Chipsi hazina shida hiyo. Viazi hushuka kwenye lori kutoka Njombe, vinakatwa, vinaingia kwenye karai, na baada ya dakika chache mteja ana chipsi mayai mkononi. Kinachotakiwa ni jiko moja, karai moja, kabati dogo la kioo na kijana mmoja. Meza haitakiwi. Wazee huwalaumu vijana kwa kupenda chipsi kana kwamba ni suala la ulimi, wakati ukweli ni kwamba chipsi ndicho chakula kilichoumbwa kwa ajili ya mji usio na mahali pa kukaa.

Viti vipo, lakini vimehamia baa. Hapa ndipo naona mabadiliko makubwa kuliko yote, na sijui kwa nini hayazungumzwi. Ukitaka leo kukaa Dodoma jioni, mbele ya meza, na kula kitu cha moto kwa muda unaoutaka, njia ya kawaida ni kwenda penye nyama choma na bia. Kiti kinalipiwa na bia. Zamani kililipiwa na chai. Mnada wa Msalato siku ya Jumamosi ni raha ya kweli, na mbuzi wa nyanda za kati sitamsema vibaya, lakini nyama ya kilo si chakula cha mtu anayesubiri sahihi. Mama aliyemleta mtoto hospitali, mwanafunzi asiyekunywa, mzee anayetoka msikitini, wote hawa walikuwa wateja halali wa hoteli ya chai. Baa haiwafukuzi, ila haikujengwa kwa ajili yao.

Kisha likaja tangazo la Julai 2016. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwa umepitishwa na TANU mwaka 1973 na kukaa kabatini kwa miongo minne. Rais Magufuli akautoa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia Septemba mwaka huo huo, na Aprili 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika eneo la mji. Ya 2022 ikahesabu 765,000. Mji ulioongezeka kiasi hicho ungetazamiwa kuongeza hoteli za chai. Hesabu ya pango ikakataa.

Chukua ukumbi wa kukaa watu 40 katikati ya mji. Tuseme kila kiti kinakaliwa mara mbili mchana kwa sahani ya 2,500: hiyo ni shilingi 200,000, na ndani yake kuna mchele, nyama, mafuta, mkaa, maji, mishahara ya watu watano, leseni, zimamoto, vipimo vya afya vya wahudumu, ada ya taka na makadirio ya kodi ya TRA. Asubuhi kuna chai, jioni kuna kidogo. Mwenye nyumba anautazama ukumbi huo huo na kuona fremu nne: moja ya miamala ya simu, moja ya duka la dawa, moja ya vipodozi, moja ya vifaa vya simu. Kila mpangaji wa fremu analipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, haleti moshi, hamwagi maji machafu nyuma. Ukiwa mwenye nyumba ungefanya nini? Kwa nguvu ile ile ya hesabu, mwenye hoteli aliyekuwa na kilemba cha pango alikiuza akaenda kujenga vyumba vya kupangisha watumishi.

Watumishi wenyewe hawako mjini. Mji wa Serikali uko Mtumba, kilomita kama 17 nje kwenye barabara ya Dar es Salaam, na mchana wengi hula kantini ya ofisi au hubeba hotpoti kutoka nyumbani. Stendi kuu ya mabasi ilihamishiwa Nanenane, mbali na stesheni na Jamatini. Marufuku ya mabasi kusafiri usiku, iliyowafanya abiria wa kanda ya ziwa walale njiani, iliondolewa 2023. Julai 2024 treni ya reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, safari isiyofika saa nne. Treni ya zamani ilikula usiku kucha, na pale Gulwe, Bahi au Manyoni abiria alinunua mayai na kuku kupitia dirishani. Abiria wa SGR hushuka akiwa hana njaa, hana vumbi, na ana kikao saa tano. Hayo yote ni maendeleo, na mimi hupanda treni hiyo. Ila kila moja lilimwondoa mtu anayesubiri kutoka katikati ya mji, na hoteli ya chai iliishi kwa huyo tu.

Kwingine walilitazama jambo hili kama suala la sera badala ya kuliachia hamu. Singapore iliwatoa wauza chakula barabarani na, kati ya 1971 na 1986, ikawajengea vituo vyenye paa, maji na meza za pamoja; mwaka 2020 utamaduni huo ukaingia kwenye orodha ya UNESCO. Poland bado inatoa ruzuku kwa migahawa yake ya zamani iitwayo *bar mleczny*, ambapo mstaafu hula supu kwa bei ndogo. Nchi hizo mbili hazifanani kwa siasa wala kwa mapishi, ila zote zilikubali kwamba chakula cha moto cha bei ndogo, mezani, hakijitegemei. Kuna anayelipia tofauti. Sisi tulilipa kupitia NMC na Msajili bila kukusudia, na tulipoacha tukaacha pia bila kukusudia.

Dodoma ina mwanzo wake. Soko la wazi la Machinga la Barabara ya Bahi, lililojengwa wachuuzi walipoondolewa barabarani, limewapa mama lishe paa, maji na sakafu inayofagilika, kwa ushuru wa soko badala ya kodi ya fremu. Kwa ramani ni hoteli ya zamani iliyorudi kwa mlango wa halmashauri. Kasoro yake ni mahali. Limewekwa panapowafaa wauzaji wa nguo na vyombo, wakati watu wanaosubiri wako kwenye geti za Mtumba, nje ya Hospitali ya Benjamin Mkapa na stendi ya Nanenane. Huko sufuria zilishafika zenyewe, kama zilivyofika stesheni enzi za treni ya zamani. Benchi tatu ndefu, paa la bati na bomba la maji kwa kila eneo ni fedha ndogo katika bajeti ya jiji linalojenga masoko ya mabilioni, mradi tu mtu wa mipango akubali kuwa mteja wa kikombe kimoja naye ana haki ya kuchorwa kwenye ramani.